Tazama Chini ya Rangi: Mwongozo wa Kuchagua Pambo la Krismasi la Mlima Kenya

Malighafi ya mapambo ya Krismasi si haba katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Nyeri na Naro Moru ziko karibu na misitu ya kupandwa yenye koni za msonobari na saiprasi; mashamba ya Karatina na Kerugoya yana maganda makavu ya mgomba na ya mahindi; vibuyu, katani, mwanzi na sufu ya kondoo havihitaji safari ndefu. Kilicho haba ni jicho la kuvipima vikishakuwa mapambo. Mnunuzi huvutwa na rangi kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo. Rangi ndiyo ingepaswa kukaguliwa mwisho. Ubora wa pambo la asili huamuliwa kabla brashi haijashikwa, wakati fundi anapochagua, anapokausha na anaposafisha alichokiokota. Rangi huja baadaye, ama kuipamba kazi hiyo, ama kuuficha uvivu.

Anza na koni ya msonobari, kwa kuwa haijui kusema uongo. Kila gamba lake lina tabaka mbili zisizovimba sawasawa zinapopata unyevu. Hewa ikilowa, gamba hujikunja na koni hufumba. Hewa ikikauka, gamba hurudi nyuma na koni huchanua. Tabia hii haikomi koni inapoanguka. Tena msonobari unaopandwa sana huku, Pinus patula wenye asili ya Meksiko, hukaa na koni zilizofumba mtini kwa muda mrefu, na joto ndilo huzifungua. Fundi mwenye haraka huipaka rangi koni ambayo haijafunguka vizuri. Ikishatundikwa sebuleni kwenye joto, magamba hutanuka na siri hufichuka. Igeuze koni upande wa mwanga, uangalie mahali gamba moja linapolilalia jingine. Ukiona ukanda mtupu usio na rangi, uliokatwa kwa kufuata ukingo wa gamba la jirani, ujue ilipakwa ikiwa imefumba. Usichanganye dosari hiyo na kazi ya fundi aliyekusudia kupaka ncha tu: huyo rangi yake huishia mahali pale pale kwenye kila gamba, kuanzia juu hadi chini. Kisha iguse. Ikinata, utomvu haujakaushwa. Itikise. Mbegu na vumbi vikidondoka, haikusafishwa.

Ukaushaji ni jambo zito zaidi hapa kuliko kwingine, kwa sababu mvua za vuli huanza Oktoba, wakati ule ule mafundi wanapoanza kazi ya Desemba. Miteremko ya kusini-mashariki, kuanzia Embu hadi Chuka na Chogoria, hupata mvua nyingi. Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ni kukavu zaidi. Fundi stadi hukusanya na kukausha wakati wa kiangazi, akaweka akiba mahali penye hewa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: vitu hivi vilikaushwa lini, na wapi? Jibu lake ulilinganishe na ushahidi wa mikono na pua. Ganda la mgomba lililokauka vizuri huwa jepesi na halina harufu ya uvundo. Katika sanamu za ganda hilo, nukta ndogo nyeusi kwenye mikunjo ya mavazi ya Mariamu au ya wachungaji ni kuvu, na kuvu haifi kwa kupakwa rangi. Kibuyu kilichokauka hulia mbegu zake kikitikiswa, na ukikigonga hutoa sauti kavu. Mwanzi ukague kwenye ncha zilizokatwa: vitundu vidogo vyenye unga laini ni alama ya wadudu wanaoubungua kwa ndani, nao watamaliza kazi yao kabla ya Krismasi ijayo.

Sasa tufikie rangi. Wakikuyu wa zamani walijipaka thiriga, udongo mwekundu, wakiuchanganya na mafuta ya mbarika, na walikuwa na ira, udongo mweupe, kwa sherehe na ngoma. Mafundi wanaorudia rangi hizo wanafanya jambo jema, mradi wakumbuke kwamba mwili na pambo havina mahitaji sawa. Mafuta ya mbarika hayakauki. Yalifaa ngozini, lakini yakipakwa kwenye kibuyu hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Udongo unaokusudiwa kukaa unahitaji kishikizo kinachokauka, kama vile gundi nyeupe ya mbao. Kipimo ni kitambaa cheupe: sugua polepole sehemu isiyoonekana sana. Kikitoka na unga, kishikizo kilikuwa kidogo. Kikinata, mafuta yalikuwa mengi. Kwa rangi za dukani, angalia unene. Koti moja jembamba huacha mishipa ya ganda na mistari ya gamba ionekane. Makoti mazito huifanya koni ifanane na plastiki, na hapo sababu ya kuitumia koni imekwisha. Jambo moja jicho haliwezi kulipima: madini ya risasi. Umoja wa Mataifa unapendekeza yasizidi sehemu 90 kwa kila milioni ya rangi. Pambo linaloweza kufika mdomoni mwa mtoto, omba uone mkebe wa rangi iliyotumika.

Kuna watakaosema kwamba Krismasi ni ya siku chache, kwa hiyo pambo halina haja ya kudumu. Hoja hiyo ina nguvu kwa pambo lisilopakwa kitu, ambalo Januari linaweza kurudi shambani likaoza. Mara tu fundi anapopaka rangi na vanishi, amelizuia lisirudi udongoni kwa usalama, na hivyo amechukua jukumu la kulifanya lidumu. Wengine watasema kasoro ndizo urembo wa kazi ya mkono. Ni kweli, lakini zipo za aina mbili. Koni iliyopinda, kibuyu chenye shingo ya upande na ganda lenye baka la kahawia ni kazi ya maumbile, na fundi hodari huzitumia. Gundi iliyochuruzika, kamba iliyofungwa pasipo mizani hata nyota ikaning'inia upande, na rangi iliyomwagikia katani ni kazi ya haraka. Hizo usizilipie. Kuhusu bei, pambo linalotumika Krismasi tano ni rahisi kuliko la nusu ya bei linalotupwa kila mwaka. Kizuri chajiuza, lakini kwa mnunuzi anayekigeuza na kukitazama.

Kipimo kinachobaki, nje ya ubora wa kazi, ni chanzo. Koni zilizoanguka na matawi ya saiprasi yaliyopogolewa shambani havimdhuru mtu. Ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya asili ni jambo jingine: hukua polepole mno, na Msitu wa Mlima Kenya ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 1997. Pambo lililobandikwa ndevu hizo, hata likiwa limeshonwa kwa ustadi, liache kibandani. Ukipata fundi anayeweza kukueleza kila kitu kilitoka wapi na kilikaushwa vipi, mlipe bei anayotaja bila kumpunja, kisha umwagize ya mwaka ujao mapema, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.