Sikio la Dereva wa Rungwe

Ukitoka Mbeya na kukata kulia pale Uyole, barabara inaanza kupanda kabla hujakaa sawa kwenye kiti. Unapita Igawilo, unafika Isongole penye magunia ya viazi kando ya lami na ukungu usiojali saa. Kulia, juu msituni, limejificha Ziwa Ngosi ndani ya kreta yake. Kushoto umesimama Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Baada ya hapo ni kushuka tu: chai na migomba ya Tukuyu, kakao na mpunga wa Kyela, mpaka Ziwa Nyasa, ambalo halifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari.

Mandhari hayo yana wasifiaji wengi. Mimi namsifu asiyepata nafasi ya kuyatazama.

Kwenye tambarare, mwenye leseni yeyote anajiita dereva. Mteremkoni watu hutengana. Wazoefu wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na sababu yake si ushirikina: breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, pedi zinaacha kushika, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama hadi chini huku gari likiendelea na safari zake. Ndiyo maana fundi huiachia injini kazi ya kulizuia gari, na breki anaigusa kidogo tu, kisha anaiachia ipoe.

Mzee aliyetuendesha kwenda Matema alizima redio tulipoanza kuteremka. Kijana wa nyuma akanung'unika.

“Nisikie gari, mwanangu,” alisema, basi.

Nami nikaanza kusikiliza. Mngurumo ulipopanda, alikuwa ameshapunguza gia kabla kona haijaonekana. Ndani ya kona yenyewe hakushughulika na chochote ila usukani. Tukajikuta nyuma ya lori la kwenda mpakani Kasumulu. Likawasha indiketa ya kulia: usipite, mbele kuna gari. Akangoja. Ikaja ya kushoto, naye bado akachungulia mwenyewe kwanza, kwa sababu indiketa ya mwenzako ni ushauri, haikuondolei jukumu. Mbele zaidi matawi mabichi yalilazwa barabarani kuonya kwamba kuna gari limeharibika. Pembetatu za dukani ni nzuri, lakini matawi hayaibiwi.

Tukuyu alishuka, akasogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu kupima joto. Gurudumu moja la mbele lilimfanya arudie. Tukanywa chai hadi aliporidhika, ndipo tukashika njia ya Masoko, penye ziwa jingine la kreta ambamo, wenyeji husimulia, Wajerumani walitupa fedha zao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Halafu Ipinda, halafu Matema, ambapo Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani.

Magari mengi ya kukodi siku hizi ni otomatiki, na vijana wanashuka nayo kwenye D mwanzo mwisho, harufu ya pedi ikiwafuata. Herufi L ya gia ndogo ipo palepale, hawaigusi.

Matema tulinunua vyungu vya Wakisi, vyembamba kiasi cha kukutia hofu kuvishika. Mzee alivipanga nyuma juu ya kanga, bila kamba. Vyote vilifika Mbeya vizima, na yule kijana mpaka leo analalamika kwamba tulichelewa.