Mamba Muntu: Je, Pepo Aweza Kukua?

Yasemwa mara kwa mara kwamba pepo wa hadithi hakui; huzaliwa mkamilifu. Michoro ya Lubumbashi ya miaka ya 1970, iliyochunguzwa na Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, yapinga dai hilo, lakini kwa nusu tu.

Jina la Mamba Muntu lamtaja mamba; wachoraji humpa mkia wa samaki. Nyoka aliye naye ana nasaba na picha iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ambayo huko Afrika ya Magharibi ilimpa Mami Wata sura yake. Mkononi huvikwa saa, alama ya utajiri katika mji ulioishi kwa mshahara wa mgodi. Hapo umbo limekua.

Sharti, hata hivyo, limebaki palepale. Apataye unywele wake hutajirika, kisha hudaiwa siri au uhai wa jamaa. Kwa hiyo mhakiki asihesabu mapambo wala nguvu zinazoongezwa. Hizo zapima tamaa ya wenye kuitundika picha sebuleni. Pepo atakuwa amekua siku atakapodai malipo mengine.