Mwandiko Ugeukao kama Maksai

Binadamu alipobuni herufi alipata chombo cha kuhifadhi maneno. Lakini jambo moja lilibaki ambalo hana budi kuliamua: mkono uanzie wapi, na ukifika ukingoni ufanye nini? Mataifa hayakukubaliana. Wachina wa kale waliandika kutoka juu kwenda chini. Waarabu na Wayahudi huanza kulia wakaishia kushoto. Warumi walianza kushoto wakaishia kulia, na njia yao ndiyo iliyo katika ukurasa huu. Lakini palikuwa na njia ya nne, ambayo haikuchagua upande. Mstari wa kwanza ulikwenda, wa pili ukarudi, wa tatu ukaenda tena, mpaka mwisho wa maneno.

Wagiriki waliipa njia hiyo jina lenye maana ya kugeuka kama ng'ombe alimaye. Mtu wa Taru, au wa mahali popote pa bara ya Kwale, aliyepata kuona maksai wakivuta plau hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Maksai wakifika mwisho wa shamba hawarudishwi mikono mitupu hadi walikoanzia. Hugeuzwa papo hapo, wakakata mfuo mwingine kando ya ule wa kwanza. Hivyo ndivyo mkono wa mwandishi wa kale ulivyolima jiwe. Wala haikuwa mistari tu iliyogeuka. Herufi zenyewe ziligeuzwa uso, zikatazama kule mstari unakokwenda, kama sura ya mtu katika kioo.

Mfano mashuhuri uko katika kisiwa cha Krete, mahali paitwapo Gortyn. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo sheria za mji huo zilichongwa ukutani katika safu 12, zenye mistari zaidi ya 600. Zahusu ndoa, urithi, watumwa na mali ya jamaa. Tuzingatie neno hili: mambo yaliyoandikwa kwa mwandiko huo hayakuwa mchezo. Yalikuwa haki ya mjane na yatima, yaliyowekwa mahali pa watu wote.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la Ulaya peke yake. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika nchi ya Saba ambayo leo ni Yemeni, maandishi ya kale ya mawe yalikwenda na kurudi vivyo hivyo. Mwandiko huo ulivuka ukafika nyanda za juu za Ethiopia, na mahali kama Yeha yameonekana maandishi ya namna hiyo yaliyochongwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Baadaye kila upande ulishika njia yake: Saba walikaa na njia ya kulia kwenda kushoto, na Wahabeshi wakaandika Kigeezi kutoka kushoto kwenda kulia. Katika karne ya 4 baada ya Kristo, Mfalme Ezana wa Aksum alichongesha habari za ushindi wake kwa Kigiriki na kwa Kigeezi, na Kigeezi hicho akakiandika mara mbili: kwa herufi za nchi yake na kwa herufi za Saba. Habari moja ikasomwa kwa pande mbili, wala mfalme hakuona haya.

Wako wanaoucheka mwandiko wa maksai, wakisema ni kazi ya watu waliokuwa bado watoto katika elimu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mwandiko huo una fadhila yake: jicho halilazimiki kuruka upana wa ukuta kutafuta mwanzo wa mstari mwingine, huanza pale pale lilipoishia. Una na dosari yake: msomaji hana budi kuitambua kila herufi kwa sura mbili. Kwa ukuta mpana fadhila ilishinda; kwa mkono wa haraka juu ya karatasi dosari ikashinda, na mwandiko ukaachwa. Hapo hapana ujinga. Pana kazi iliyotafuta chombo chake.

Sasa natuitazame pwani yetu. Fasihi ya Kiswahili tukiifanya ukurasa mmoja mkubwa, tutaona kuwa nayo imegeuka kama maksai. Mstari wake wa kwanza ulikwenda kutoka kulia. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulikuwa katika herufi za Kiarabu. Na utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 vivyo hivyo. Kisha Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akahamia Rabai mwaka 1846, pasipo mbali na nyika ya Taru, naye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Shule na serikali zilifuata mfuo huo. Ng'ombe akawa amegeuka.

Kugeuka huku hakukuwa kwa mkono tu. Utendi wa zamani aghalabu uliandikwa vipande vyake vinne kando kwa kando, jicho likavipita kama nyayo za msafiri mmoja. Wapiga chapa walivipanga kimoja chini ya kingine, kama ngazi. Tena herufi za Kiarabu, kama zilivyotumika zamani, hazikutenga *i* na *e*, wala *u* na *o*. *P* mara nyingi iliandikwa kwa *b*, na *v* kwa *f*. Kwa hiyo "penda" na "pinda" yalivaa nguo moja, na "fika" na "vika" vilevile. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliandikwa na Mwalimu Sikujua, yakakusanywa na W. E. Taylor, na Hichens akayachapa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Mtu afanyaye kazi ya namna hiyo huamua maana katika kila neno lenye shaka. Tusomapo chapa, twasoma mshairi pamoja na mwamuzi wake.

Wengine husema basi herufi za kale zilikuwa mbovu, na kupotea kwake si hasara. Herufi za Kirumi zinaifaa lugha yetu. Irabu zetu tano zapata alama tano, na hilo halina ubishi. Lakini msomaji wa zamani hakuwa kipofu. Maana ilimwongoza, na vina vilimlinda: kituo kimoja kikiwa wazi, vingine humulikwa nacho. Wengine nao hutaja methali, usiache mbachao kwa msala upitao, wakitaka turudi tulikotoka. Hao pia wamekosea, maana herufi za Kirumi si msala upitao. Zimekwisha kuwa mbacha wetu wa pili.

Hukumu yangu ni hii. Mfuo wa pili haufuti wa kwanza. Huulalia kando, na shamba ni yote miwili. Mwanafunzi asomaye upande mmoja tu amerithi nusu ya shamba, na nusu nyingine huipokea kwa kusimuliwa. Maandiko ya kale yangaliko, katika nyumba za pwani na katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na London, na kila mwaka mchwa na unyevu huchukua sehemu yao. Herufi 28 za Kiarabu, pamoja na zile zilizoongezwa kwa ajili ya sauti zetu, si mlima kwa kijana aliyekwisha kujifunza hesabu na jiografia. Wagiriki wa Gortyn walisoma sheria zao kwa kwenda na kwa kurudi. Sisi twatakiwa kusoma washairi wetu hivyo hivyo.