Kichocheo: Istilahi ya Moto au ya Njia?

Istilahi kichocheo imekwisha kukita mizizi katika Kiswahili cha kemia, wala hatukusudii kuing'oa. Twataka kuonyesha mahali inapompotosha msomaji, na jinsi fasili iliyo bora inavyoweza kumwongoza.

Neno lenyewe latokana na kuchochea moto, yaani kusukuma kuni mafigani. Kuni huongeza joto, kisha huteketea zikawa majivu. Kitu kinachotajwa katika kemia hakifanyi hata moja kati ya hayo. Tena homoni za mwili nazo huitwa vichocheo, na mahakamani kuna shauri la uchochezi. Fasili ya shuleni hujaribu kuziba pengo kwa kusema kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kubadilika. Je, yatosha?

Tuchukue propani, mojawapo ya gesi za mitungi ya kupikia. Viwandani hupitishwa juu ya oksidi ya kromi iliyotandazwa kwenye alumina, kwa joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Huondolewa haidrojeni ikawa propeni, ambayo hutengenezewa plastiki ya magunia. Mmenyuko huu hula joto jingi, nalo sharti liletwe na mtambo. Kazi ya oksidi hufanyika usoni: atomu za kromi zilizo wazi huishika molekuli, huipokonya haidrojeni, kisha huiachia. Kromi ikikusanyika kuwa fuwele kubwa, atomu nyingi hufichika ndani na kazi hudhoofika. Alumina nayo ikichomwa kupita nyuzi 1,000 au zaidi hujipanga upya: gramu moja iliyokuwa na uso wa mita za mraba zaidi ya 100 hubakiwa na chache tu, ingawa viambato vyake ni vilevile. Kwa hiyo mfasiri atumiaye muundo kwa maana ya viambato ameliua somo zima.

Mfano ufaao kuliko moto twaupata Tabora. Katika karne ya 19 misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mbele yao alitangulia kirangozi. Hakuwabebea wenziwe mizigo yao, wala hakuisogeza Ujiji karibu. Aliijua njia, na penye njia panda aliweka tawi au kuchora mstari kuifunga njia isiyofaa. Ndivyo ifanyavyo oksidi yenye muundo mwema: huufungulia mmenyuko njia nyepesi, na kuupendelea kuliko njia za kando zinazoivunja propani vipande au kuiacha masizi. Lakini kikomo ambacho mmenyuko waweza kukifikia hakibadiliki.

Hata maneno bila kubadilika yana kasoro. Baada ya dakika chache uso wa oksidi hupakwa masizi, ikabidi yachomwe kwa hewa ndipo kazi iendelee.

Basi twapendekeza fasili hii: kichocheo ni kitu kinachoufungulia mmenyuko njia nyepesi zaidi, kikashiriki njiani na kurudia hali yake baada ya kila zamu, bila kubadili kikomo cha mmenyuko huo. Muundo ubaki kuwa mpangilio, na viambato viwe vile vilivyomo. Mwalimu akianzia njiani badala ya mafigani, mwanafunzi ataelewa kwa nini oksidi ileile yaweza kufaa leo na kushindwa kesho.