Uhakiki: Istilahi za Theluji katika Kijitabu Kimoja cha Safari ya Milimani

Hivi karibuni tuliletewa tukitazame kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi wanaoishi Norway. Miongoni mwa wakazi wa nchi hiyo wamo watu waliotoka Kongo na Burundi ambao Kiswahili ni lugha yao ya mawasiliano, na watoto wao husoma katika shule za huko. Kijitabu kinaeleza safari ya siku mbili za mwisho wa juma. Wasafiri hupanda mlimani wakiwa wamefunga skii miguuni, hulala usiku mmoja katika hema au katika pango lililochimbwa ndani ya theluji, kisha hurejea. Kwa heshima ya waliohusika, hatutawataja.

Yamkini msomaji atauliza: mambo ya theluji yatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba lugha inayodai kuwa ya mataifa haina budi kuwatumikia wasemaji wake popote walipo. Tena makosa tutakayoyataja si ya theluji peke yake. Ndiyo hayo hayo tunayoyakuta katika maelezo ya dawa, ya umeme na ya viuatilifu.

Kwanza tutoe haki ya mfasiri. Sentensi zake ni fupi na upatanisho wake wa ngeli hauna dosari. Norway wanazo kanuni 9 za usalama milimani, na mojawapo hufundisha kwamba si aibu kugeuka mapema hali ya hewa inapoharibika. Mfasiri angeweza kuandika "kurudi nyuma", maneno yenye harufu ya kushindwa. Yeye ametumia kitenzi "kughairi", nacho ndicho hasa. Mtu anayeghairi ametumia akili, hakukimbia.

Taabu inaanza na jina la kitu chenyewe. Katika ukurasa mmoja tumehesabu "theluji" mara nne na "barafu" mara tatu, yote kwa maana ileile. Bila shaka mfasiri alikwepa kurudiarudia neno, kama tulivyofundishwa katika insha. Lakini maelekezo si insha. Anayeambiwa achimbe pango "ndani ya barafu" ataipiga beleshi na isipenye. Na anayeambiwa njia imefunikwa "theluji", ilhali imefunikwa barafu, atavunjika mguu.

Ni kweli kwamba historia ya maneno haya ina utata. "Barafu" asili yake ni Kiajemi, na huko "barf" ni theluji inayoanguka. "Theluji" ni la Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa theluji na kwa barafu pia. Wazee wetu walipokea maneno mawili yaliyoingiliana. Mwezi Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, mwongozaji wake aliuita "baridi" tu. Neno hilo moja lilibeba hali na kitu kwa pamoja, na kwa mahitaji ya siku ile lilitosha. Leo matumizi yamekwisha kuyatenga maneno haya: theluji huanguka ikiwa laini, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, na sakitu ni ule utando mweupe unaoonekana alfajiri juu ya majani. Mfasiri amepewa ghala lililokwisha kupangwa. Hana udhuru wa kulivuruga.

Pili ni kitenzi. Kijitabu chatumia "kuteleza kwenye theluji" kwa mwendo wa skii. Neno hili limeenea, lakini katika Kiswahili anayeteleza hakukusudia. Ndiyo maana methali yasema kuteleza si kuanguka. Matokeo yake, sentensi moja inamshauri mtoto "ateleze kwa uangalifu" na sentensi ya pili inamwonya "asiteleze". Msomaji afuate ipi? Katika lugha ya kale ya Norway neno hili lilikuwa jina la kipande cha mti uliopasuliwa, yaani ni jina la chombo. Basi nasi tulichukue kama jina la chombo: "skii", na kitendo kiwe "kwenda kwa skii". Wanorway wenyewe hulitamka "shi", na wapo watakaopenda tuwafuate. Tunaona "skii" linafaa zaidi, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili aliye Kanada au Uswisi atalitambua. "Kuteleza" libaki kwa ajali.

Sasa tufike penye uzito wenyewe. Kijitabu kinaonya juu ya "maporomoko". Kwetu maporomoko ya maji ni mahali, tena mahali pa kutembelewa siku ya mapumziko. Anayeambiwa "epuka maporomoko" atadhani ni sehemu fulani iliyowekewa alama. Lakini linalosemwa hapa ni tukio: bamba zima la theluji lakatika ghafla na kushuka mlimani, mara nyingi kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na anayefukiwa hupungukiwa sana na matumaini ya kutolewa hai baada ya dakika 10 hadi 15. Kwa tukio hili tunapendekeza umoja, "mporomoko wa theluji", na kwa mahali, "mteremko wa hatari".

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zina kipimo cha pamoja cha hatari ya mporomoko chenye ngazi 5, na Norway hukitumia. Mfasiri amezitaja ngazi hizo hivi: ndogo, ya wastani, ya kati, kubwa, kubwa sana. Hebu msomaji ajaribu kueleza tofauti ya "wastani" na "kati". Hakuna. Ngazi ya 3 imeitwa "ya kati" kwa sababu tu imekaa katikati ya hesabu. Hali katika ngazi hiyo mtu mmoja aliye juu ya skii aweza kuuamsha mporomoko kwenye mteremko mkali, na watu wengi wamekufa hatari ikiwa katika ngazi hiyo, kwani wakati wa ngazi ya 4 na ya 5 wengi hukaa nyumbani. Mzazi anayesoma "hatari ya kati" atasema, "Si haba," na kumruhusu mwanawe.

Sisi tunapendekeza ngazi ya 2 iwe "hatari ya kiasi" na ya 3 "hatari nzito". Mtu aweza kupinga kwamba "nzito" yaweza kudhaniwa kuzidi "kubwa". Pingamizi hilo ni la haki, na kwa sababu hiyo tarakimu iandikwe daima kando ya neno. Lakini ikiwa neno halina budi kukosea, na likosee kwa upande wa tahadhari.

Kosa la mwisho limo ndani ya pango. Kijitabu chasema jiko hutoa "hewa ya ukaa". Hiyo ni ile tunayoitoa tunapopumua, na haitamshtua mtu. Inayokusudiwa ni monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayowaua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Msomaji anaijua hatari hii tayari. Aitiwe kwa jina la "sumu ya jiko". Aidha, tundu linalopitisha hewa limeitwa "dirisha". Usiku wa baridi kali, nani asiyefunga dirisha? Liitwe "tundu la hewa", na iongezwe kwamba halizibwi kamwe.

Kuhusu vifaa tutasema machache. "Koleo" kwa wengine ni chombo cha kubania, basi "beleshi" ni salama zaidi. Kifaa kinachovaliwa kifuani ili aliyefukiwa apatikane kimeitwa "redio", na mtu atajaribu kuzungumza nacho. "Kifaa cha ishara" chatosha.

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri washike kanuni tatu. Kitu kimoja kiwe na neno moja, tangu mwanzo wa maandishi hadi mwisho. Neno la tukio lisichanganywe na neno la mahali. Na panapokuwa na hatari, neno lipimwe kwa kile msomaji atakachotenda baada ya kulisoma, si kwa utamu wake masikioni. Walimu na wafasiri walio na maneno bora kuliko haya, hasa kwa ngazi ya 3, tunawasihi watuletee kabla kijitabu hakijapigwa chapa tena.