Fimbo ya Mbali

Ripoti ya polisi huanza na saa. Saa fulani, mtaa fulani, taarifa ikaingia redioni, askari akaelekea. Haisemi lolote juu ya ile nusu saa ya kabla ya zamu, askari akiwa amesimama nyuma ya gari la doria, buti liko wazi, anabonyeza tochi aone kama inawaka, anahesabu glavu, anafungua na kufunga zipu ya mkoba hadi vidole viijue hata gizani. Kazi hiyo haina shahidi wala cheo, na wengi huiweka kapu moja na kukunja nguo. Mimi naiona kuwa ufundi, tena wenye uzito kuliko ule wa kulenga shabaha unaotolewa vikombe. Anayefungasha anaamua mambo akiwa ametulia, kwa niaba ya askari yuleyule atakayekuwa ametaharuki saa sita baadaye. Saa hiyo ikifika, mkono hukimbilia kilicho karibu. Wahenga walishatuambia kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, wakatuachia swali lililo gumu zaidi: ni fimbo ipi basi iwekwe karibu, na ipi iachwe mbali kwa makusudi?

Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, sehemu ya swali hilo ilijibiwa na fundi cherehani. Konstebo alivishwa koti refu la buluu, si jekundu la wanajeshi, na kirungu chake kikashonewa mfuko kwenye mkia wa koti ili kisionekane. Kilikuwepo, ila kukitoa kulihitaji kukipapasa nyuma, na kwa watu walioogopa kuletewa jeshi mitaani, kule kufichwa kulikuwa na maana yake. Cha kuitia wenzake alikuwa na kayamba la mbao la kuzungusha, zito, lenye kujaza mfuko. Katika miaka ya 1880 likaachwa, na filimbi kutoka karakana ya Hudson ya Birmingham ikashika nafasi yake: nyepesi, yenye kusikika mbali, na yenye kuachia mikono yote miwili ifanye kazi nyingine. Filimbi na rungu vikavuka bahari pamoja na utawala wa Kiingereza mpaka Nairobi na Dar es Salaam. Tunavizoea kama vile vilizaliwa na sare, tukisahau kwamba kila kimoja kiliwahi kubishaniwa.

Mfano unaonishika zaidi ni wa tochi. Kwa miaka mingi askari wa Marekani walipenda tochi ndefu za chuma, zilizosheheni betri kubwa, na sababu haikuwa mwanga peke yake. Lile lilikuwa rungu lisiloitwa rungu. Detroit, Novemba 1992, mtu alipigwa na askari kwa tochi za namna hiyo akafa. Los Angeles, mwaka 2004, kamera za helikopta zilimnasa askari akimtwanga kwa tochi mtu aliyekwisha kulazwa chini. Miaka mitatu baadaye idara ya polisi ya jiji hilo ikaleta tochi mpya, fupi, ya plastiki ngumu, nyepesi mkononi na yenye mwanga mkali. Semina za maadili zina kazi yake, sikatai, lakini hapa askari hawakuhimizwa wawe wapole. Walipewa kitu kisichofaa kupigia. Kilichotolewa mkobani kilifanya kazi sawa na kilichoingizwa.

Yupo atakayesema kwamba mpangilio hauzuii kosa la binadamu, na atataja Brooklyn Center, Minnesota, Aprili 2021. Pale askari mwenye miaka 26 kazini alikuwa na bastola kiunoni kulia, na kushoto Taser ya njano, kile kifaa cha kumlegeza mtu kwa umeme, kila kimoja mahali panapotakiwa. Alipaza sauti akitaja Taser huku mkono wa kulia umechomoa bastola, na kijana wa miaka 20 akafa. Mpangilio ulikuwa sahihi na haukusaidia kitu. Pingamizi hili ni zito, na wanaolikwepa hawatendi haki. Lakini katika kesi ya askari huyo ilielezwa pia kwamba siku ile Taser haikujaribiwa mwanzoni mwa zamu. Sidai kwamba kuijaribu kungemwokoa kijana yule. Ninachosema ni kwamba kupanga mara moja kisha kuvaa kila siku bila kugusa ni mazoea tu. Anayefungasha kweli hukigusa kila kitu pale kilipo, akakichomoa, akakiwasha, akakirudisha, kila zamu, hata kama jana kilikuwa kizima. Mkono hukumbuka ulichofanyishwa, na usichofanyishwa haukijui, kiwe cha njano au cha kijani.

Januari 8, 2011, nje ya duka kubwa karibu na Tucson, Arizona, mtu aliwafyatulia risasi watu waliokuja kuonana na mbunge wao. Sita walikufa na 13 wakajeruhiwa kwa risasi. Askari wa kaunti ya Pima walifika kabla ya wauguzi wa gari la wagonjwa kuruhusiwa kuingia, na ndani ya magari yao kulikuwa na vifurushi vidogo vya kahawia walivyopewa na kufundishwa kuvitumia miezi michache tu nyuma. Ndani mlikuwa na bendeji ya kukandamiza jeraha, shashi yenye dawa ya kugandisha damu, kibandiko cha kuziba tundu la kifuani, mkasi wa kukatia nguo, na mkanda wenye kijiti cha kuzungusha ili ubane mkono au mguu unaovuja damu. Madaktari waliowapokea majeruhi walisema hali ingekuwa mbaya zaidi bila vitu hivyo. Wala hakuna siri ndani yake: mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuishiwa damu kwa dakika chache, na dakika hizo ni za yule aliyetangulia kufika. Aprili 2013, madaktari wa upasuaji walipokutana Hartford, Connecticut, miezi michache baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, walitaka kuzuia damu kuwe sehemu ya kazi ya polisi.

Utazame ule mkanda kwa karibu, kwani ndipo ufundi unapojitokeza. Asiyejua huuacha ndani ya plastiki uliyokuja nayo, chini kabisa ya mkoba, ukiwa safi kama zawadi. Anayejua huichana plastiki nyumbani, akapitisha ncha kwenye kifungo mapema, akaukunja kitanzi kikiwa tayari, kisha akauweka mahali unapofikiwa na mkono wowote kati ya miwili, kwa sababu huenda jeraha lenyewe likawa kwenye mkono wa kulia. Glavu nazo hazisahau: zikikaa msimu mzima ndani ya gari lenye joto, hupasuka zinapovaliwa. Naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, nayo haipendi joto, kwa hiyo hushuka na askari zamu ikiisha na kupanda naye kesho. Mji wa Quincy, Massachusetts, uliwapa askari wake wote wa doria dawa hiyo tangu 2010. Na kalamu ziwe mbili, na penseli moja kwa ajili ya mvua.

Hapo ndipo wengine hunung'unika kwamba tunamgeuza polisi kuwa nesi. Sioni aibu yake. Anayefika wa kwanza ndiye nesi wa dakika hizo, apende asipende, na mikono mitupu haimfanyi kuwa polisi zaidi. Lalamiko la uzito lina haki kuliko hilo. Askari wa Marekani hutembea na mzigo unaokaribia au kupita kilo 10 ukijumlisha mkanda na fulana ya kuzuia risasi, na viuno vinauma. Ila uzito nao una ufundi wake: huko Eau Claire, Wisconsin, askari walipohamisha vifaa kutoka kwenye mkanda na kuvibeba kwenye kizibao cha kifuani, maumivu ya mgongo na nyonga yalipungua. Fundi mzuri huupima mkoba wake kwa alichothubutu kukiacha. Anayebeba kila kitu kwa hofu ya kila kitu atakuwa anapekua mkobani huku mtu anavuja damu, na kwake hata fimbo iliyo mgongoni itakuwa fimbo ya mbali.

Limebaki la gharama, ambalo huku kwetu ndilo husemwa kwanza. Askari wa doria ya pikipiki hana buti la gari, ni kweli, na orodha ya vifaa haipangi yeye. Lakini ajali ya bodaboda huvunja mfupa na kukata mshipa vilevile, na mara nyingi anayesimama pale kabla ya daktari ni askari au mpita njia. Basi ninyi mnaopanga orodha hiyo, mkishaandika rungu, pingu na filimbi, msifunge daftari. Kifurushi kimoja cha wale askari wa Pima, na vyote vilivyokuwa ndani yake, kiligharimu karibu dola 100.