Kuipima giaboksi ya pikapu ya oto, kutoka Lamadi hadi Kimali

Mtu akija Bariadi kutafuta pikapu, swali lake la kwanza ni kama inavuta. La pili ni kama foo-wili inafanya kazi. Giaboksi ya oto huijaribu kwa kuzunguka na gari kidogo mjini: anabonyeza kitufe cha PWR, anasikia injini inanguruma, anatabasamu, na mazungumzo ya bei yanaanza. Kwa gari litakaloishi kwenye lami tupu labda inatosha. Kwa gari litakalobeba dengu na choroko kutoka Mwandoya, au kupeleka dawa na watumishi hadi Kimali masika yakiwa yamekolea, haitoshi hata kidogo.

Mimi giaboksi naipima kwa jambo moja: ikishachagua gia, inakaa nayo? Vitufe vya namna ya kuendesha, viwe viwili au sita, navihukumu kwa hilo hilo. Kitufe kizuri kinaisaidia giaboksi kuamua mara moja na kutulia. Kibaya kinaiongezea wasiwasi.

Kwanza tuelewane kitufe kinafanya nini. Hakiongezi gia wala hakibadilishi meno yake. Kompyuta ya giaboksi ina majedwali. Inaangalia spidi ya gari, inaangalia umekanyaga mafuta kiasi gani, na pale viwili hivyo vinapokutana ndipo pameandikwa gia ya kutumia. Ukibonyeza ECO umeiambia ifuate jedwali linalopandisha gia mapema, na pedeli ya mafuta inalegea. Ukibonyeza PWR, gia inachelewa kupanda, inawahi kushuka, na pedeli inakuwa kali. Mambo haya hayakuanza na magari yenye skrini. Land Cruiser na Prado za zamani za oto zilikuwa na kitufe cha PWR, na baadhi zilikuwa na kingine cha kuanzia gia ya pili ili tairi zisizunguke bure penye utelezi. Hilux iliyotoka 2015 ilikuja na giaboksi ya gia sita pamoja na ECO na PWR. Ford Ranger ya toleo la 2022, zile za daraja la juu, ina kirungu cha kuzungusha chenye namna ya kawaida, ya kubana mafuta, ya kuvuta mzigo, ya utelezi, ya tope na ya mchanga, na nyingine zina gia kumi. Hata Land Cruiser 79, ambayo kwa miaka mingi tumeijua kwa gia za mkono, ilianza kupata oto ya gia sita pamoja na injini ya 2.8 mwishoni mwa 2023.

Anza gari likiwa limesimama, lakini injini iwe imeshapata moto. Giaboksi ya baridi inadanganya kwa pande zote mbili. Kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Inatakiwa kushika ndani ya muda wa kupumua mara moja, bila kishindo. Rudia ukiwa umewasha ECO, kisha PWR. Hapa tofauti isiwepo kabisa. Kishindo kikijitokeza, usikubali kuambiwa kwamba ni kwa sababu PWR imewashwa. Kitufe kinabadilisha wakati wa gia kuingia, na gari likiwa limesimama hakuna cha kubadilisha. Kishindo kina chanzo chake kwingine: mpira wa giaboksi, krosi ya propela, valvu zilizochoka, au oili.

Sasa ingia lami. Barabara ya Lamadi hadi Bariadi inafaa sana kwa kipimo hiki kwa sababu ina vipandio virefu visivyo vikali, vile ambavyo jicho halivioni ila injini inavihisi. Endesha kawaida kwanza, kisha PWR, kwa mguu ule ule, na macho yako yawe kwenye mshale wa mzunguko wa injini. Kitufe cha kweli utakiona kwenye mshale: kama kawaida gia ilikuwa inapanda ukifika 2,000, sasa itangoja zaidi. Ziko pikapu ambazo kitufe kinanoa pedeli tu, na gia zinapanda pale pale. Namna ya kulitenganisha hilo ni kushika mafuta mpaka gari lifikie spidi ile ile kwa muda ule ule katika namna zote mbili, badala ya kuamini mguu. Na ukikanyaga mpaka chini kabisa, ujue tofauti nyingi kati ya namna hizo hupotea, maana umeomba kila kilichopo. Kwa hiyo anayekuonyesha ubora wa PWR kwa kukanyaga mpaka mwisho hajakuonyesha kitu.

Kipimo kinachosema zaidi kinahitaji mzigo. Omba magunia manane ya dengu, ya kilo mia mia, na muuzaji akikataa usiendelee kupoteza muda wako. Chukua Hilux ya 2.8 ya gia sita. Gia ya nne ni moja kwa moja, ya tano ni 0.69 na ya sita ni 0.58. Kwa tairi zake za kawaida za rimu 17, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya sita inaushusha mshale mpaka kama 1,250, ya tano kama 1,500, na ya nne kama 2,150. Injini hiyo inaanza kutoa msokoto wake wote karibu na 1,600. Umeona tatizo? Kwa mzigo, kwenye kipandio, gia ya sita haina nguvu na ya tano iko chini kidogo ya nguvu. Giaboksi inashuka mpaka ya nne, gari linachangamka, unalegeza mguu, nayo inadhani kazi imekwisha na kurudi ya tano. Gari linazubaa. Unakanyaga tena. Inashuka tena. Ukiwa ECO mchezo huo unaweza kuendelea kipandio kizima, na kila mabadiliko ni klachi za ndani kusuguana na konveta kuachia na kushika, na vyote hivyo vinageuka joto kwenye oili.

Kwa hiyo washa PWR, au namna ya kuvuta mzigo kama ipo, upande kipandio kile kile. Giaboksi bora itashuka ya nne mapema, kabla injini haijalalamika, na itabaki hapo mpaka kileleni na hata mita kadhaa baada yake. Ng'ombe mzuri wa plau anafanya hivyo: akishaegemea nira haachii katikati ya mfereji. Giaboksi inayocheza tano-nne-tano hata kwa namna ya mzigo, mimi siinunui, hata rangi iwe inang'aa namna gani. Kabla hujaikataa lakini, angalia tairi. Wengi huku wanaweka tairi kubwa kwa ajili ya tope. Kompyuta inabaki na hesabu ya tairi za kiwandani, gia zinakuwa ndefu, na uamuzi wote unasogea. Nimeona giaboksi nzima kabisa ikilaumiwa kwa kosa la tairi.

Ukishaiacha lami kuelekea Mwanhuzi na vijiji vya mbele yake, vipimo vinageuka, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea zaidi. Mbuga ya Meatu ikinyeshewa, udongo mweusi unajaza mistari ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kama mtungi. Kinachokupitisha ni mwendo usiokatika. Oto ikiachwa kwenye D inasoma spidi ya tairi, na tairi inayozunguka bure inaonekana kwake kama gari linalokimbia. Inapandisha gia. Injini inaanguka, mwendo unakufa, unakanyaga, inashusha gia kwa nguvu, tairi zinachimba. Sekunde chache tu na ekseli imelala kwenye tope.

Madereva wengi wakinasa hapo mkono wao unakwenda PWR. Ni kitufe kibaya kuliko vyote kwa mahali hapo. Pedeli kali inaleta nguvu kwa mshtuko, na tope halipendi mshtuko. Kabla hujaingia kwenye mbuga simama, weka foo-wili nzito, ile inayozidisha msokoto kwa takriban mara mbili na nusu, kisha sogeza mkono wa gia upande wa S au M na ushikilie gia ya pili. Kama kuna namna ya tope, iwashe. Kama hakuna, acha kawaida au hata ECO, kwa sababu pedeli iliyolegea inakuruhusu kuongeza mafuta kidogo kidogo kwa mguu unaorushwarushwa. Na uijue S ya gari lako. Katika baadhi ya pikapu namba unayoiona ni gia yenyewe. Katika nyingine ni kikomo tu: ukiweka 2 inaweza kutumia ya kwanza na ya pili, ila haitavuka. Pikapu bora kwa Kimali ni ile inayotii kikomo hicho hata tairi zikizunguka. Ipime hivyo hivyo kwenye tope: shika 2, fuata mfereji wa magari yaliyopita, usikilize. Sauti ikibaki moja mwanzo mpaka mwisho, umepata gari.

Mchanga wa mikondo ya mito, kiangazi, unataka kinyume kidogo. Hapo resi inahitajika, na namna ya mchanga kwenye magari yaliyo nayo inashikilia gia za chini muda mrefu na kuruhusu tairi zizunguke. PWR hapo inakubalika. Ukishavuka, simama uiache injini iungurume, gia kwenye P, oili ipoe huku ikizunguka. Taa ya joto la oili ya giaboksi ikiwaka kwa kuvuka mkondo mmoja mfupi, kuna kitu kimechoka humo ndani.

Mteremko ni kipimo ambacho mkoa wetu wa Simiyu haukupi vizuri, ingawa gari la Simiyu litakutana nacho. Atakayekwenda Dodoma kupitia Shinyanga na Igunga atapita mlima Sekenke, na kule siyo kupanda kunakotofautisha magari. Namna ya kuvuta mzigo iliyotengenezwa kwa akili, ukigusa breki kwenye mteremko inashusha gia yenyewe ili injini ishikilie gari. Unahisi gari likirudishwa nyuma taratibu, bila kuruka. Kama pikapu haina hiyo, shusha kwa mkono mpaka gia ya tatu kabla mteremko haujaanza, uone kama inakubali mara moja au inakawia. Iliyobeba tani moja na ikabaki ya tano ikiteleza, breki zake zitanuka kabla hujafika chini.

Baada ya yote hayo, lala chini ya gari. Hilux hizi za gia sita hazina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kiwango kinaangaliwa kwa kufungua nati chini oili ikiwa kwenye joto lililopangwa, kwa hiyo nenda na fundi anayelijua zoezi hilo. Oili nyekundu ni njema, na ikififia kidogo kwa umri si kitu. Ya kahawia inayonuka kuungua inamaanisha klachi zimesuguana mno, na hakuna kitufe kitakachozirudisha. Ukiambiwa oili hiyo ni ya maisha yote, uliza maisha ya nani: kwa gari linalobeba mzigo kwenye mbuga na mchanga, mimi naibadilisha kati ya kilomita 60,000 na 80,000, na bei ya gari ambalo halijawahi kubadilishiwa naishusha palepale, kwa gharama ya oili na filta yake.